Shati la Jumamosi

Kasanegi, 9 Novemba 2003

Mpwa wangu Kozue,

Anayekuandikia leo si yule mjomba wa kuuza mafuta ya taa tu. Ni mtu ambaye bila yeye mji mzima wa Kasanegi usingeingia kwenye sinema, na jambo hilo hata meya analijua, ingawa wivu haumruhusu kulitamka. Sasa salamu. Hujambo mwanangu? Kifua kile cha mwezi wa tisa kimepoa? Huko kiwandani wanawawekea hita, au mnaota moto wa tanuri za biskuti? Mimi ni mzima, kiuno tu ndicho kinachonikumbusha ngazi za wateja. Mama yako hajambo. Figili zake zimekubali mwaka huu, anazitia chumvi kama mtu anayetegemea vita.

Sinema yenyewe si ya mapanga wala mizimu. Mwongozaji wake ni Bi Nagumo, mwanamke mfupi wa miaka thelathini na kitu, ana kofia ya sufu asiyoivua hata akila. Anatengeneza hadithi tano fupi za maisha yetu ya kila siku, kisha anazifunga pamoja ziwe filamu moja. Ya kwanza ni ya muuza tofu na mkewe ambao hawasemezani. Ya pili ni kinyozi Orito anamnyoa mwalimu aliyekuwa akimchapa. Ya tatu ni mwanamke na shati, si kitu kikubwa. Ya nne ni wasichana wawili waliokosa basi. Ya tano ni gari la mafuta ya taa linalopita mitaani likipiga wimbo wake, na dereva wake sina haja ya kukutajia.

Bi Nagumo hapigi picha bila kuniuliza. Juzi walitaka treni ipite polepole nyuma ya duka la tofu, vijana wake wakabaki kukuna vichwa. Nikasimama kwenye kivuko, nikainua mkono mmoja. Treni ikapunguza mwendo, na dereva akanivulia kofia. Waulize watu.

Onyesho ni Jumapili ya tarehe kumi na nne Machi, ukumbi wa mji, watu wote wamealikwa. Omba ruhusa mapema. Mama yako amekuambia chochote katika simu? Nauliza tu.

Mjomba wako,
Teiji


Osaka, 16 Novemba 2003

Shikamoo Mjomba,

Mimi sijambo, kifua kimepona, hita tunayo ila msimamizi anaizima akiona tunacheka. Nimefurahi kusikia umekuwa mtu mkubwa. Treni ya Kasanegi hupunguza mwendo pale kivukoni tangu sijazaliwa kwa sababu ya kona, lakini kofia siwezi kubisha, sikuwepo.

Mama hajaniambia lolote. Alizungumza dakika nne, tatu za figili.

Mjomba, hadithi nne umenieleza hadi nani alimchapa nani. Ile ya tatu umeipa maneno matatu, kisha ukakimbilia basi. Ni mwanamke gani, na shati gani?

Mpwa wako,
Kozue


Kasanegi, 30 Novemba 2003

Mpwa wangu Kozue,

Natumai baridi haijakupata mifupani. Hapa imeanguka theluji ya kwanza, nyembamba kama chumvi ya mgonjwa, lakini wateja wameingiwa na hofu na gari langu halipumziki. Jana nilibeba madebe mawili kila mkono hadi ghorofa ya tatu, nikakuta nimekosea nyumba, nikashuka nikapanda nyingine bila kupumua. Daktari mmoja aliyekuwa anapita alisema hajaona.

Umeuliza habari ya hadithi ya tatu. Ni ya mwanamke tu. Mumewe yuko kaskazini anajenga bwawa, kazi ndefu, na kila Jumamosi mke anafua shati la mume na kulianika mbele ya nyumba ili majirani waone kwamba nyumba ina mwenyewe. Baadaye mtazamaji anaelewa kwamba bwawa halipo. Ndiyo hiyo. Jina wamebadilisha. Mwigizaji ni wa mjini, mrefu, hafanani na mtu yeyote. Nyumba waliyoipiga picha inafanana kidogo na moja unayoijua, lakini nyumba zote za mtaa wetu zinafanana, zilijengwa na fundi mmoja mvivu.

Usiniulize Bi Nagumo aliipata wapi. Watu wa sinema wana masikio, hadithi zinawajia na upepo.

Vaa soksi mbili.

Mjomba wako,
Teiji


Osaka, 4 Desemba 2003

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Sitaandika mengi ya afya leo, utanisamehe.

Habari ya Baba na bwawa wanaijua watu watatu: Mama, wewe, na mimi ambaye sikupaswa kuijua. Baba mwenyewe simhesabu, maana mtu aliyeondoka na mfuko wake wa kazi asubuhi ya Jumanne akaenda kuanzisha nyumba nyingine hana haki ya kuhesabiwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, Mjomba. Upepo wa Kasanegi una gari la mafuta ya taa na jina lake ni Teiji.

Miaka kumi na moja. Kadi za mwaka mpya Mama anaziandika kwa jina la Baba, kwa mwandiko wa mkono wa kushoto ili uonekane wa kiume. Chakula cha sherehe ya mtaa anachukua cha watu wawili, kisha anasema Morio ameshindwa kupata likizo. Na wewe ndiye uliyemletea mashati ya kwanza, ukamwambia hiyo siri itazikwa nawe.

Nataka kujua mambo mawili. Alijuaje Bi Nagumo? Na nani alimpa ruhusa ya kupiga picha nyumba yetu? Najua watu wa sinema hawapigi nyumba bila karatasi yenye muhuri. Mama hawezi kugonga muhuri kwenye kitu kama hicho.

Nitangoja jibu.

Kozue


Osaka, 28 Desemba 2003

Mjomba,

Natumai u mzima. Bado nangoja.

Kozue


Kasanegi, 12 Januari 2004

Mpwa wangu Kozue,

Heri ya mwaka mpya, ingawa imechelewa na najua imechelewa. Natumai uko salama na kifua hakijarudi. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma.

Barua zako zimekaa juu ya hita yangu mwezi mzima. Nikizigeuza upande wa nyuma zinanitazama hivyohivyo.

Ilikuwa Oktoba, kilabuni kwa mama Otaki. Siku hiyo mchana Bi Nagumo aliniambia kwa adabu kubwa kwamba gari langu ni zuri mno na wimbo wake ni mzuri mno, ila angeomba liendeshwe na mtu mwingine, kwa kuwa mimi kila kamera ikiwashwa naigeukia na kuisalimu. Nilikubali kama muungwana. Jioni nikakuta wameketi kilabuni, yeye na vijana wake, nikakaa karibu, nikaanza hadithi zangu. Ile ya nguruwe mwitu niliyemfukuza kwa kipaza sauti. Ile ya siku nilipomwuzia mafuta mcheza mieleka mkuu. Wakacheka kama watu wanavyocheka, wakiangalia saa.

Ndipo nikasema, nina moja ya kweli.

Niliwaeleza habari ya shati. Sikumtaja jina, nilisema mwanamke mmoja wa mtaa wetu, lakini pombe ya mchele ina mkono mrefu, na kufika katikati nilikuwa nimeshasema dada. Kozue, walinyamaza. Bi Nagumo alivua kofia. Nina miaka hamsini na minne, na hakuna mtu aliyewahi kunyamaza nikizungumza, hata mwalimu alikuwa ananipigia kelele. Nilipoona ule ukimya nikaongeza. Niliongeza hadi kadi za mwaka mpya. Kesho yake asubuhi nilirudishiwa nafasi yangu ya dereva.

Sasa ruhusa. Bi Nagumo ni mtu wa haki. Alisema hatapiga picha hata mlango bila mwenye nyumba kuelezwa na kukubali, akanipa karatasi nimpelekee dada yangu nimweleze. Nikasema niachie. Wewe unajua ubao wetu wa mtaa unavyozunguka: nyumba hadi nyumba, matangazo yamebanwa, kila mwenye nyumba anasoma, anagonga muhuri kwenye kisanduku chake, anampelekea jirani. Na unajua pia kwamba hakuna anayesoma. Takataka za kuungua Jumatatu, chupa Alhamisi, tunagonga tunapeleka. Nilipompelekea dada ubao, karatasi ile ilikuwa ya tatu, chini ya kalenda ya takataka na paka aliyepotea. Nilitegemea atagonga bila kusoma, na kama akisoma, basi, Mungu ameamua.

Nilimkuta mikono yote imo ndani ya pipa la figili. Hakugeuka. Alisema, "Muhuri uko kwenye droo. Nigongee mwenyewe."

Nikagonga. Mahali pote patatu.

Baada ya barua yako nilikwenda kwa Bi Nagumo, nikamwomba aiondoe hadithi ile. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema mhusika akimwambia hapana kwa mdomo wake mwenyewe, hata siku ya onyesho asubuhi, ataikata. Anaweza kuonyesha nne. Lakini mimi siwezi kumwambia hapana kwa niaba ya mtu ambaye nilishamwambia ndiyo kwa niaba yake.

Kwa hiyo ni lazima nimwambie dada. Nimekwenda mara tatu. Ya kwanza nilisafisha mfereji wa paa. Ya pili nilibadilisha utambi wa hita. Ya tatu nilifika hadi kusema, "Dada, kuna jambo," akasema, "Kama ni la kukopa mwavuli, ule mweusi umevunjika." Nikaenda na mwavuli mweusi. Nimeshautengeneza.

Mjomba wako,
Teiji


Osaka, 1 Februari 2004

Mjomba,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta na afya. Nilikaa nayo yako wiki mbili kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa naandika mambo ambayo mtoto hamwandikii mjomba wake. Nimeyachoma. Mengine nimeyabakiza: umemwuza Mama kwa kiti cha dereva wa gari ambalo ni lako mwenyewe.

Sasa sikiliza. Mimi siwezi kumwambia. Usifikiri ni woga, au fikiri hivyo ukitaka. Mama hajawahi kunitamkia kwamba Baba hayuko bwawani. Kwake mimi bado ni yule mtoto aliyeamini. Nikimpigia simu kumwambia kuna sinema, lazima nimwambie pia kwamba siku zote nilikuwa najua, na hapo ndipo patakapomuuma kuliko majirani.

Kwa hiyo ni wewe. Una wiki sita. Nenda, na usitengeneze kitu chochote.

Kozue


Kasanegi, 22 Februari 2004

Mpwa wangu Kozue,

Hujambo? Mimi sijambo sana. Homa kidogo, mfupa kidogo. Nasikia huko Osaka maua ya mplamu yameanza.

Nimekwenda. Nilivaa koti la mazishi ili jambo lionekane zito. Dada alinitazama akaniuliza nani amekufa. Nikasema hakuna. Akasema, "Basi vua, linanuka dawa ya nondo, kaa ule." Alipika mchuzi wa figili na mayai. Alinipa mayai mawili, yeye akachukua moja. Unadhani mtu aliyepewa yai la pili anasemaje?

Halafu akaniambia amenunua kitambaa cha shingo kipya, cha rangi ya majani ya chai, atakivaa siku ya onyesho. Anasema hajaenda mahali pa watu miaka mingi na anataka kuniona mimi kwenye sinema. Mimi, Kozue. Alisema Mama yetu angefurahi.

Bado kuna siku ishirini na moja. Mtu jasiri hapangi siku, hujitokeza tu.

Mjomba wako,
Teiji


Osaka, 10 Machi 2004

Shikamoo Mjomba,

Natumai homa imeondoka na kiuno kinakuheshimu. Mimi ni mzima. Wiki hii tumetengeneza biskuti za umbo la ua la mcheri, elfu kumi na mbili, naota maua. Likizo nimenyimwa, kwa hiyo Jumapili sitakuwepo. Nimeituma hii kwa njia ya haraka, utaipata Jumamosi.

Zimebaki siku nne na najua hujamwambia, maana jana alinipigia simu akanieleza habari za kitambaa cha shingo. Alikuwa anacheka. Nikakata simu nikisema maji yanachemka. Mjomba, nitakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu, ili uelewe unachokibeba. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Niliamka kwenda kunywa maji, nikamwona Mama bafuni amechuchumaa na shati jipya, anaisugua kola yake kwa jiwe la kusugulia visigino. Alikuwa anaichakaza. Maana shati lisilovaliwa halichakai kola, na majirani wana macho. Alisugua, akainua akatazama kwenye taa, akasugua tena. Nilirudi kulala bila kunywa maji. Tangu siku hiyo nikawa namwomba nilipige pasi mimi, kila Jumamosi, hadi nilipohamia huku, na kila mara nilisema, "Baba atafurahi." Nilisema ili asijue kwamba najua. Alikuwa anafanya yale yote kwa ajili yangu, nami nikawa namfanyia yeye, na hatukuwahi kuonana usoni.

Sasa ataketi katikati ya watu na kitambaa chake kipya na kuliona hilo ukutani, kubwa kama nyumba, bila kuambiwa na mtu. Mwambie, Mjomba. Mwambie aliyesema ni wewe. Mimi usinitaje.

Kozue


Kasanegi, 15 Machi 2004

Mpwa wangu Kozue,

Salamu. Natumai u mzima. Nimechoka lakini mzima. Yamekwisha, na nakuandikia ili usiyasikie kwa mtu mwingine.

Dada nilimwambia Jumamosi mchana. Nilifanya kama wanaume wa zamani. Nilipiga magoti, nikaweka paji la uso kwenye mkeka, nikasema kwa sauti isiyotetemeka: dada, nimekukosea, na hiki ndicho nilichofanya. Nilisema kila kitu: kilabu, ubao, muhuri. Na nisamehe, Kozue, katika kueleza lilinitoka hata la jiwe na kola.

Alichemsha birika, akaliacha lipoe. Kisha hakuuliza habari za sinema wala za majirani. Aliuliza, "Alikuwa amesimama mlango upi?" Bafu lenu lina milango miwili. Nikasema sijui. Akasema, "Wa jikoni huo. Ule mwingine unalia."

Nikamwambia Bi Nagumo yuko tayari, neno moja tu na hadithi itakatwa, nilishaandika namba yake ya simu mkononi. Nilimnyooshea mkono. Aliutazama. Akasema, "Niliyekuwa namficha ameshaona. Hawa wengine ni watazamaji tu."

Jumapili alikwenda. Kitambaa cha rangi ya majani ya chai, nywele amezibana, safu ya pili. Mimi nilikaa nyuma yake maana hakunipa ruhusa ya kukaa pembeni. Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Ya muuza tofu watu walicheka, ya kinyozi mwalimu mwenyewe alilia. Ikaja ya tatu. Nyumba yenu ikatokea, na mlango, na pipa la figili. Kicheko kikafa. Yule mwigizaji mrefu akatoka na shati linalodondoka maji, akalibana kwenye ufito kwa mabega.

Ukumbi mzima ulikuwa unaitazama shingo ya dada yako yangu, nisamehe naandika vibaya, ya dada yangu, mama yako. Naye akasema, si kwa kupaza sauti, kama mtu anayemsahihisha mtoto, "Hivyo mabega yataharibika."

Kisha mke wa kinyozi Orito, nyuma kushoto, akasema, "Kweli. Tamae huanika kwa pindo."

Na mzee wa tofu akamalizia, "Vifungo vikielekea ukutani."

Basi. Miaka kumi na moja walikuwa wanajua hadi vifungo, na kila mwaka mpya walikuwa wanajibu kadi za Morio na kumtakia afya huko bwawani. Masikio ya mama yako yalikuwa mekundu kama makaa, lakini hakuinamisha kichwa hadi taa zilipowashwa. Mlangoni aliinama kwa kila mtu, mmoja mmoja, kama kawaida, nao wakamwinamia kama kawaida, na mke wa Orito akamuuliza figili za mwaka huu ametumia chumvi ya wapi.

Mimi nilimsindikiza hadi langoni kwenu. Alisema bila kugeuka, "Usije hapa mpaka nikuite. Mafuta weka nje." Nimeweka nje.

Katika hadithi ya tano kinaonekana kiwiko changu. Kinaonekana vizuri sana.

Mjomba wako,
Teiji


Osaka, 23 Machi 2004

Shikamoo Mjomba,

Natumai u mzima, na kiwiko pia.

Mama amenipigia. Akasema, "Ulikuwa unapiga pasi vizuri. Ila mikono ya shati ulikuwa unaiacha." Nikasema najua. Akasema anakuja Osaka mwezi wa nne, siku tatu, nisimtandikie karibu na dirisha. Tukaongea saa nzima, na figili hazikuzidi dakika moja. Baba tulimtaja mara mbili, kwa jina lake, kama mtu tuliyewahi kupanga naye nyumba. Baada ya simu nililia kazini, msimamizi akawasha hita.

Nilimuuliza ilikuwaje Jumamosi ile ulipomwambia. Akasema, "Mwulize mjomba wako. Yeye ndiye mtu wa hadithi." Alikuwa kama anataka kucheka, kisha akakasirika tena.

Mjomba, yale niliyokuandikia Februari sitayafuta, maana uliyatenda. Lakini sikuamini kwamba ungepiga magoti. Nilijua utakimbia. Ulipoandika kwamba uliweka uso kwenye mkeka, niliisoma mara tatu, nikajiambia kwamba katika familia yetu kuna mtu mmoja aliyesema kweli kwa mdomo wake kabla ya kulazimishwa. Hilo nitawasimulia wanangu.

Najua hajakuita bado. Atakuita.

Mpwa wako,
Kozue


Kasanegi, 28 Machi 2004

Mpwa wangu Kozue,

Hujambo? Mimi ni mzima, nakula, nauza. Msimu unaisha, watu wanazima hita, wimbo wa gari langu sasa unafukuza paka tu. Dada hajaniita. Kila Jumatano naweka debe la mafuta nje ya mlango, na lile tupu nalikuta limefutwa vumbi.

Barua yako ilinifurahisha nusu saa. Tangu hapo hainipi usingizi. Niliikunja nikaiweka mfukoni nikiwa kazini, na kila nikibeba debe naisikia. Wewe utawasimulia wanao. Basi wasimulie iliyo kweli.

Sikupiga magoti.

Macho yangu ya karibu yamekufa, mwaka wa tatu sasa. Sijamwambia mtu. Miwani ya kusomea ni ya wazee, na mimi wateja wangu wamezoea kuniita kijana. Barua zako zote nimezisoma posta. Pale kaunta wameweka miwani tatu kwenye kamba, kwa ajili ya vikongwe wanaojaza fomu. Nangoja kusiwe na mtu, navaa ile ya katikati, nasoma nimewapa watu mgongo. Barua yako ya Machi ilifika Jumamosi. Jumamosi kaunta imefungwa.

Nilijiambia, ni ya haraka, huenda anakuja na treni ya kesho, itabidi mtu ampokee. Nikaenda nayo kwa dada. Nikamwambia mwanga wa humu ni hafifu, nisomee, ni salamu tu za Kozue. Alifurahi. Alifuta mikono, akasoma kwa sauti: homa, kiuno, biskuti elfu kumi na mbili. Alicheka kwenye maua ya mcheri. Kisha macho yakaitangulia sauti, sauti ikasimama kabla ya kufika kwenye likizo, akaendelea kusoma kwa macho. Ya kilabu na ya ubao aliyatoa kwangu baadaye moja moja, kama anayenyofoa miiba ya samaki, nami sikuwa nimepiga magoti, nilikuwa nimekalia mto.

Wakati anasoma kimya mimi nilikuwa namenya chenza. Nilimaliza kumenya, nikala vipande viwili, nikamuuliza, "Anasema nini? Anakuja na treni ya saa ngapi?"

Ukiniandikia tena, mwanangu, andika kwa herufi kubwa.

Mjomba wako,
Teiji